Tope la Kamsamba

Trekta la Roda Nzowa lilianza kuchemsha kabla halijamaliza hata mstari wa pili. Mshale wa joto ulipanda, ukavuka alama nyekundu, ukagoma kurudi. Kisha mvuke ukafoka mbele ya usukani kama chungu kilichosahauliwa motoni. Roda akazima injini, akashuka, akasimama katikati ya shamba la jirani yake, mikono kiunoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kulainisha udongo wa Ihanda. Kila mwenye shamba alitaka aanziwe yeye, na trekta lilikuwa hilo moja.

"Shetani wewe," aliliambia trekta.

Halafu akafikiri, akaona trekta halina kosa. Akatoa simu, akampigia mdogo wake.

"Rabson! Ulilifanya nini trekta la baba?"

"Dada, shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nimekuuliza, ulilifanya nini?"

Rabson alikuwa dukani kwake Tunduma, karibu na mpaka wa Zambia, mahali anapouza vipuri vya pikipiki na kubishana bei kwa Kibemba cha kuungaunga na wateja wa ng'ambo. Ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile maneno yalimpungukia. Akasema labda ni mkanda wa feni. Akasema labda ni uzee tu wa chombo.

"Kesho asubuhi uwe hapa," Roda alimkatisha. "Njoo na mipira mipya ya rejeta, na themostati. Ulilichukua likiwa zima, utalirudisha likiwa zima kwa mikono yako mwenyewe."

Roda alikuwa amepita miaka hamsini, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliimaliza juu ya kiti cha trekta lile. Baba yao, mzee Yesaya, alilinunua likiwa tayari limechakaa, kutoka shamba kubwa la kahawa lililokuwa linafungwa. Wakati huo Rabson alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mzee akamfundisha aliyekuwepo, binti yake mkubwa. Wanaume wa Ihanda walicheka kumwona msichana na spana. Baadaye wakaacha kucheka, na baadaye zaidi wakawa wanakuja mlangoni kwake mvua zikikaribia, wanaulizia zamu zao kwa upole. Mume wake, Eliakim, alikuwa anafanya kazi Saza, kwenye mashimo ya dhahabu, anarudi Krismasi na Pasaka, mara na zawadi, mara na kikohozi tu. Watoto walikula na kusoma kwa trekta.

Mzee alipokuwa anafariki alisema chombo ni cha wote wawili, ila kiti ni cha Roda. Ndiyo maana Rabson alipoomba kulipeleka Kamsamba wakati wa mavuno ya mpunga, likasombe magunia kutoka mashambani, Roda hakuweza kumnyima. Alitoa sharti moja tu: dereva awe Anania.

Anania alikuwa mtu wa Kamsamba. Kila msimu wa kulima alipanda kuja Ihanda, huku Mbozi, kumsaidia Roda, na kila mwaka baridi ya huku ilimshangaza upya, akawa anaendesha amejifunga kitenge cha mkewe shingoni. Kwao alikuwa mwalimu wa kwaya. Hata togwa iliyolala ikachacha hakunywa. Ukimtoa baba yake, hakuna mtu mwingine ambaye Roda aliwahi kumwachia usukani akaenda kulala bila wasiwasi.

Trekta lilirudi mwezi wa saba likiendeshwa na dereva mgeni, limeoshwa mpaka linang'aa. Rabson akaeleza kwa masikitiko kwamba Anania aliwaangusha. Alikunywa pombe mchana kweupe, akaliacha trekta lichemke mpaka likazimika, halafu akakimbia; fundi wa kule ameshalitengeneza, Roda asihangaike kulifungua.

Habari hiyo ilimchoma Roda. Hakutaka kuiamini, lakini aliyeisema ni ndugu yake wa tumbo moja. Anania alipopiga simu, akaikata. Alipopiga tena, akapokea ili amalize.

"Nilikuamini kuliko ndugu zangu," alimwambia. "Usinipigie tena."

"Mama Enesi, nisikilize kwanza..."

Akakata. Anania hakupiga tena. Na kila aliyeuliza mbona trekta halikurudi na yule bwana wa Kamsamba, Roda alimpa jibu lilelile, tena kwa sauti: mlevi yule, asije akaonekana hapa.

Rabson alifika asubuhi amevaa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Roda alivitazama viatu, akaingia stoo, akamtupia mabuti ya mpira.

Trekta lilikuwa limevutwa na ng'ombe wa jirani mpaka uani, nalo lilikuwa limepoa kabisa. Roda akainama juu ya rejeta, akasimama ghafla.

"Kifuniko cha baba kiko wapi?"

Kilichokuwepo kilikuwa kifuniko cha lori fulani, hakikai sawasawa, kimefungwa kwa waya.

"Kilipotea, dada."

"Kifuniko cha rejeta kinapoteaje? Kilikwenda sokoni?"

Roda akakata ule waya, akakiondoa kifuniko, akaweka ndoo chini na kufungua koki ya rejeta. Hakikutoka kitu. Akachukua waya mwembamba, akachokonoa tundu. Kilichotoka hakikuwa maji. Ulikuwa uji wa rangi ya kahawia, mzito, ukishuka kwa mafungu na kunuka uchachu. Roda akauchota kwa kidole, akausugua na gumba.

"Huu ni unga," alisema. "Mmetia unga wa mahindi kwenye rejeta ya baba!"

Baadhi ya madereva hufanya hivyo rejeta ikivuja. Wanamimina unga, unaiva kwa joto la injini, unaziba tundu, safari inaendelea. Wanachokisahau ni kwamba unga hauchagui tundu la kuziba. Unaziba na njia zote za maji, na injini inajipika yenyewe.

"Ni Anania," Rabson alisema haraka. "Si nilikuambia alikuwa hajitambui?"

Roda alimkumbuka Anania, msimu mmoja, akimfukuza dereva wa jirani aliyekuja na bakuli la unga, akimwambia kama ana unga wa ziada awapelekee watoto wake. Jambo hilo lilimkaa kichwani, lakini mikono yake ilikuwa na kazi. Akafungua mpira wa juu na wa chini. Akatoa themostati, ule mlango mdogo unaotakiwa kufunguka maji yakipata moto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yanatokota jikoni. Ilikaa mle imefumba vilevile. Akaitupa jalalani.

"Lete maji."

Rabson alibeba maji ya mto yaliyoletwa kwa mkokoteni, ndoo baada ya ndoo, akayapandisha kwenye pipa lililowekwa juu ya jukwaa la kukaushia kahawa. Kutoka pale Roda alishusha mpira na kuyaingiza maji kwenye rejeta kwa kupitia chini, yapande juu, yasukume uchafu kinyume na njia yake ya kila siku. Akafungua na nati ya ubavuni mwa injini, napo pakatoka tope jeusi la mbugani, pumba za mpunga, na kipande cha jani lililopikika mpaka likawa jeusi.

"Tope la Kamsamba hili," alisema. "Mlikuwa mnachota maji mitaroni mnamwaga humu. Lilikosa nini hili trekta? Lilikunyima nini wewe? Ulisoma kwa jasho lake. Umeoa kwa jasho lake. Duka lako lile lilitoka wapi kama si hapa?"

"Dada, nimechoka."

"Beba maji."

Jua lilipanda. Shati la Rabson lililowa, mabuti yakamchubua, na Roda hakumhurumia hata kidogo. Kila ndoo ilikuja na neno lake. Maji yalipoanza kutoka na rangi ya chai hafifu, Roda alifunga mipira mipya na themostati mpya, akajaza maji ya moto yaliyoyeyushiwa magadi ili yang'oe kilichobaki kimeganda ndani, akarudisha kile kifuniko cha lori na kukikaza kwa waya, akawasha injini izungushe maji hayo.

Injini ikanguruma. Mshale ukapanda taratibu, ukakaribia katikati. Roda aliona ule waya unalegea kwa mtikisiko. Akanyoosha mkono aukaze.

"Dada, usiguse!"

Rabson alimrukia, akamvuta bega kwa nguvu hadi wote wawili wakapepesuka na kuangukia ndoo.

"Toa mkono! Kitakurukia kama kilivyomrukia..."

Akamwachia bega, akarudi nyuma.

Roda aliinuka. Akazunguka, akazima injini. Ua lote likawa kimya, ila maji tu yakigugumia ndani ya rejeta.

"Kilimrukia nani?"

"Hakuna, dada. Nimesema tu."

"Rabson, kilimrukia nani?"

Rabson alikaa chini palepale kwenye tope, akajifunika uso. Kisha akasema yote, kwa vipande. Rejeta ilianza kuvuja huko Kamsamba, na aliyemwaga unga ni yeye Rabson, asubuhi, Anania akiwa hajafika. Mchana trekta likachemka likiwa limebeba magunia. Anania akazima, akasema lisubiriwe lipoe. Lakini lori la wanunuzi lilikuwa limesimama barabarani linapiga honi, na Rabson alikuwa amewaahidi.

"Nikamwambia afungue, aongeze maji, twende. Akasema hapana, litamuunguza mtu. Nikamwambia kama anaogopa ashuke, nimpe mwanaume mwingine usukani. Akavua shati, akalikunja, akashika kifuniko."

"Halafu?"

"Kikaruka, dada. Hatukukiona tena. Maji yote yalimpata usoni na kifuani."

"Ukafanya nini?"

"Nilimpeleka zahanati. Nikamwacha na manesi."

"Nakuuliza ukafanya nini!"

"Nikaondoka. Niliogopa. Nilijua ukisikia..."

"Na pombe?"

Rabson alianza kujifuta tope kwenye suruali.

"Nimekuuliza pombe, Rabson."

"Hakunywa. Hakunywa chochote."

Spana ilikuwa mkononi mwa Roda. Aliitazama, akamtazama mdogo wake pale chini, akairusha kwa nguvu zake zote kwenye mibuni, ikapiga tawi na kulivunja. Hasira aliyokuwa ameimwaga tangu asubuhi kwa ajili ya unga na tope ilionekana sasa kama mchezo wa watoto. Aliisikia sauti yake mwenyewe, "Usinipigie tena," na ile ya mtu aliyeungua uso akimwomba amsikilize kwanza.

"Inuka," alisema. "Likishapoa, mwaga hayo magadi. Suuza mpaka maji unayotia na maji yanayotoka yafanane. Ukimaliza suuza tena. Jumamosi tunakwenda Kamsamba."

"Nitampigia simu, dada. Nitamwomba msamaha."

"Ulimsingizia mbele za watu. Utasema kweli mbele za watu."

Rabson alisuuza. Roda alikaa kizingitini, akimwangalia bila kusema tena. Kazi ilipokwisha, yeye mwenyewe alijaza maji safi yaliyochemshwa na kupozwa pamoja na dawa ya rejeta, akaweka kifuniko kinachokaa vizuri alichokiazima kwa jirani, akawasha. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia hapo. Siku nyingine angefurahi. Siku hiyo alizima injini na kuingia ndani.

Jumamosi walipanda gari Mlowo, wakashuka kuelekea bonde la Momba. Joto la Kamsamba liliwapokea kama mlango wa tanuri. Anania alikuwa amekaa kivulini, nyuma ya nyumba yake. Kovu lilianzia sikioni, likashuka shingoni mpaka ndani ya shati, likawa limevuta jicho moja likabaki limefumbuka nusu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana.

"Karibu, mama Enesi," alisema. Rabson hakumkaribisha.

Aliyewageukia wote wawili ni mkewe, Teresia, akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mmekuja kutazama? Haya, tazameni. Tazameni vizuri."

"Teresia," Anania alisema.

"Niache! Nimenyamaza vya kutosha." Akamgeukia Roda. "Unajua wamemtoa kwenye kwaya? Unajua hashiriki meza ya Bwana tangu mwezi wa nane? Wazee wa kanisa wamesema mlevi hawezi kufundisha nyimbo. Mimi nikasema nani amemwona akinywa? Wakasema wafanyabiashara wa mpunga wameleta habari kutoka Ihanda. Wakasema hata mwenye trekta mwenyewe anasema hivyo."

Roda alikuwa amekuja amebeba hasira yake kwa Rabson kama mzigo wa haki. Sasa aliona nusu ya mzigo ule ni wake.

"Ni kweli," alisema. "Nilisema. Nilisema kwa kila mtu. Anania, wewe ulinipigia simu, mimi nikakukatia. Nisamehe."

Anania alivitazama vidole vyake.

"Maji ya moto yaliniuma," alisema. "Ile simu iliniuma zaidi. Nilikuwa nimelala zahanati, siwezi kufumba macho, nikasema atasikiliza mama Enesi. Tumelima wote. Atasikiliza." Akatikisa kichwa. "Sijui nikuambie nini. Kesho njooni kanisani."

Walilala kwa jamaa wa jirani. Jumapili, baada ya matangazo, mchungaji aliyekwisha kuelezwa alimwita Rabson mbele. Alisimama pale na suruali yake ya Tunduma, akiwa ameinamia sakafu, akaanza kusema kwamba kulikuwa na kutoelewana, kwamba habari zilifika vibaya, kwamba sisi sote ni binadamu.

"Sema!" Sauti ilitoka benchi la nyuma. Anania alikuwa amesimama. "Hata kwaya ya pale mbele haikusikii. Inua kichwa useme."

Watu waligeuka. Roda naye alisimama mahali alipokuwa, upande wa wanawake.

"Sema kama ulivyoniambia mimi," alimwambia mdogo wake. "Usipambe."

Rabson akainua kichwa. Akasema kwamba Anania hakunywa pombe. Akasema alikataa kufungua rejeta na yeye akamlazimisha, kisha akamwacha na kumsingizia. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kusema amina. Mama mmoja mzee aligonga fimbo yake sakafuni, akatoka nje. Wazee wa kanisa walitazamana. Mmoja wao, aliyeshika usukani wa kumtoa Anania kwenye kwaya, alianza kusema kwamba na wao walipotoshwa.

"Hamkuniuliza," Anania alimjibu. "Nyumba yangu haiko mbali. Hamkuja hata mmoja kuniuliza." Akakaa.

Walimrudisha kwenye kwaya siku ileile. Alipoitwa mbele kuongoza wimbo alikataa. Alisema ataimba siku atakayoona mwenyewe inafaa, na hiyo si leo. Hakuna aliyethubutu kumsihi.

Mchana Teresia aliandaa wali na samaki. Akamtandikia Roda mkeka, akamnawisha mikono. Rabson alipojisogeza, Teresia alikivuta chombo cha maji upande wake.

"Wewe chakula chako kiko kwenu," alisema.

Rabson alimtazama dada yake. Roda hakumtetea. Alimega wali, akala, ingawa kila tonge lilishuka kwa shida. Rabson akatoka nje, akakaa kwenye gogo juani, na hakuna aliyemwita. Baada ya muda Anania aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, trekta linaendeleaje.

"Tumelisafisha," Roda alisema. "Mshale unakaa katikati."

"Vizuri," Anania akasema. Roda hakuthubutu kumwomba apande tena Mbozi. Alipoaga, Anania alimpa mkono wa kushoto, ule mzima, akausindikiza kwa kuinamisha kichwa kidogo. Hakusema amesamehe, wala Roda hakumuuliza.

Njia nzima ya kurudi Roda alikaa dirishani, Rabson nyuma. Gari lilipofika Mlowo, Rabson alimsogelea, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Dada," alisema, "basi, si yameisha?"

"Hayajaisha," Roda alimjibu. "Wiki ijayo utarudi kule, umpeleke hospitali kubwa wamtazame lile jicho na vile vidole. Utakaa naye mpaka watakapomaliza. Akikufukuza, utakaa nje ya mlango. Na wiki inayofuata hivyohivyo."

"Na duka?"

Roda alimtazama kwa namna iliyomfanya arudi nyuma hatua. Akajifunga kanga yake kiunoni, akatafuta pikipiki ya kumfikisha Ihanda. Jirani alikuwa bado anasubiri shamba lake limaliziwe, na Jumatatu, kabla jua halijapanda, mlio wa trekta ulisikika ng'ambo ya mibuni. Roda alikuwa juu yake, na hakuitikia salamu ya mtu yeyote mpaka mistari yote ilipokwisha.